Mjomba, fundi anataka tuanze msingi na kibali bado sina, nifanyeje?

SWALI

Shikamoo Mjomba. Mi ni mama wa watoto wawili, muuguzi, nimepanga huku pembezoni mwa Dar na kodi inanimaliza kwelikweli. Mwaka juzi nilinunua kiwanja kwa mzee mmoja, tukaandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini, mwenyekiti akagonga muhuri, hela nikamaliza yote. Baadae ukaja mradi wa urasimishaji, wapima wakapita wakaweka bikoni na mi nikachangia kama wenzangu, kiwanja kikapewa namba kwenye ramani. Ila hati haijatoka mpaka leo, na juzi nimegundua kwenye orodha jina lililoandikwa ni la yule mzee, sio langu, nadhani siku ya kuandika majina nilikuwa shifti.

Sasa hela ya kikoba imetoka na mkopo wa kazini umetoka, nimeshanunua saruji, mchanga na mawe, na fundi nimempa advansi. Fundi ananiambia dada huku nani anachukua kibali, tupige msingi wikiendi hawa watu jumamosi hawapiti, tukishafika kwenye lenta hakuna wa kubomoa. Nikimwangalia jirani yangu nyumba ya tatu kutoka kwangu naogopa, alipigwa X nyekundu na stop oda, ukuta uko usawa wa dirisha mpaka leo na majani yameota ndani.

Shemeji yangu yeye kaniletea kijana mmoja ambaye anashinda pale nje ya halmashauri, anasema nimpe laki saba kibali kinatoka wiki hiihii nisijisumbue kupanga foleni, akanionyesha na picha ya kibali cha mtu kwenye simu yake. Mume wangu ni dereva wa malori yuko njia ya Tunduma kwenda Congo, yeye anasema tusubiri arudi, shemeji anasema tukisubiri masika yatatukuta. Ramani ninayo, fundi alinirushia WhatsApp, nzuri tu ya vyumba vitatu kimoja masta, lakini kona ya chini imeandikwa kiwanja cha Mwanza na jina la mtu mwingine kabisa simjui. Na ndoto yetu mbeleni ni kupandisha ghorofa moja watoto wakikua.

Mjomba nianze au nisianze? Na huyu kijana nimpe hela? Na hii saruji nafanyaje mana ikiganda ndo hela imekwenda. Naomba usinifiche kitu.

Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwanza. Kununua kiwanja kwa mshahara wa uuguzi na watoto wawili huku unalipa kodi ya nyumba sio jambo dogo, na hiyo ndo sababu nataka hela yako isiende kufukiwa ardhini ikaishia kuota majani kama ya jirani yako.

Jibu la swali la kwanza, usianze. Sio jumamosi, sio usiku, hata mtaro wa msingi usichimbwe. Na kijana wa laki saba usimpe hata mia. Haya, sasa tuongee taratibu, mana shida yako kubwa sio kibali, shida yako ni lile jina la mzee kwenye orodha, na hapo ndo nataka utumie nguvu zako zote kwanza.

Watu wengi wanadhani kibali kinaanzia kwenye ramani ya nyumba. Hapana, kinaanzia kwenye ardhi. Ukipeleka ombi, kabla hata mtu hajaangalia vyumba vyako vitatu, afisa ardhi anauliza hiki kiwanja cha nani, na afisa mipangomiji anauliza hiki kiwanja kimepangiwa matumizi gani, je ni makazi au kiliachwa kwa ajili ya shule, soko, barabara? Majibu ya hayo maswali mawili yakiwa na kasoro, ramani yako hata ichorwe na nani haiendi mbele. Na wewe saivi swali la kwanza jibu lake ni jina la mzee. Ukiomba kibali leo kwa jina lako wanakurudisha, ukiomba kwa jina lake unajenga nyumba yako na kibali chenye jina la mtu mwingine, afu siku mzee akifariki (Mungu amuweke) wanae wanakuja na hicho kibali mkononi wanakwambia hii ya baba. Nimeona familia zimegawanyika kwa kitu kidogo kama hiki, nakuomba sana usikichukulie poa.

Bahati uliyo nayo ni kwamba hati bado haijatoka. Ingekuwa imeshatoka kwa jina lake ungeingia kwenye habari ya kuhamisha umiliki, kuna uthamini, kuna kodi ya ongezeko la mtaji ya TRA ambayo kisheria ni ya muuzaji lakini huku mtaani mara nyingi mnunuzi ndo anaibeba. Saivi ni kurekebisha jina kabla hati haijaandaliwa. Mtafute huyo mzee akiwa hai na mzima, umpelekee hata sukari, muongee vizuri, muende wote kwa wakili mkaandike mkataba wa mauziano unaoeleweka, wenye namba mpya ya kiwanja na ukubwa wake kama ulivyopimwa, maana ile karatasi yenu ya serikali ya mtaa ilipoandikwa hiyo namba ilikuwa haipo. Mke wake asaini pia. Hili watu wanalirukaruka lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwanandoa, nyumba au eneo la familia haliuzwi na mmoja peke yake, na kama mama alikuwa hajaridhia ana haki ya kuja kupinga. Kama mzee ana wake wawili uliza lile eneo lilikuwa kwa nani.

Ukishapata huo mkataba, pamoja na ile karatasi ya mwanzo, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na kitambulisho chako cha NIDA, nenda idara ya ardhi ya halmashauri uombe jina lirekebishwe. Toa kopi ya kila kitu na kwenye kopi yako wagongee muhuri wa kupokea, tarehe ionekane. Usikubali maneno ya "tumeshaliona mama, nenda tu". Karatasi yenye muhuri na tarehe ndo itakusemea siku faili likipotea.

Ukiwa hapohapo ofisini waulize mambo mawili. La kwanza, waone kiwanja chako kwenye mchoro wa mipangomiji ulioidhinishwa wakuthibitishie ni cha makazi. La pili, barabara iliyo karibu nawe ni ya nani na hifadhi yake inaishia wapi. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na kwa Sheria ya Barabara ya 2007 hizi za TANROADS hifadhi yake kwa kawaida ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, ingawa kuna sehemu ni kubwa kuliko hapo. Kama kuna mto au bonde karibu, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo. Huku Dar kuna vijito ambavyo kiangazi unavuka na ndala, usidharau, kijito ni kijito.

Na hapa ndo namjibu fundi wako. Anaposema ukifika kwenye lenta hawabomoi, mwambie akumbuke 2017 kutoka Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zimepakwa rangi, zina vigae, watu wanalala ndani, na zilishuka, hifadhi pale kwenye Morogoro Road ni mita 121.5 kila upande. Ile ilikuwa kesi ya hifadhi ya barabara sio ya kibali, najua, lakini inaonyesha kwamba kumaliza nyumba hakumlindi mtu. Kinachokulinda ni kuwa mahali sahihi na kuwa na karatasi. Fundi hasemi hivyo kwa ubaya, ye anataka kazi na ana familia, lakini siku X ikipigwa jina lake halipo popote, lako ndo lipo, na mkopo unakatwa kwenye mshahara wako.

Tuje kwa kijana wa laki saba. Ada ya kibali inatozwa na halmashauri kufuatana na ukubwa na aina ya jengo, na inalipwa kwa kontrol namba, benki au kwa simu, risiti inasoma jina la taasisi ya serikali. Hela yoyote inayoingia kwenye namba ya mtu binafsi sio ada. Maombi yenyewe siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unajisajili kwa namba yako ya NIDA, unaskani nyaraka unapandisha, na ombi linapewa namba ambayo unalifuatilia. Sasa kijana anayekuletea kibali wiki hii wakati kiwanja kina jina la mtu mwingine, hicho kibali ametoa wapi? Ama ni cha kughushi, au kimepitishwa kwa kudanganya, na vyote viwili mkaguzi akija saiti akitafuta kumbukumbu zake haoni kitu, hapo unakuwa na kosa la kujenga bila kibali na juu yake una nyaraka ya kughushi mkononi. Picha ya kibali cha mtu kwenye simu haithibitishi chochote. Na akitokea mtumishi mwenyewe wa ofisi anakuomba chochote pembeni, TAKUKURU wana namba ya bure 113, piga.

Sasa ramani. Ile ya WhatsApp iache iwe ya kukusaidia kueleza unachokitaka, basi. Ile imechorwa kwa ajili ya kiwanja kingine, mwenye kiwanja mwingine, upepo na jua la Mwanza, na hakuna ofisa atakayeipokea ikiwa na jina la mtu mwingine pale konani. Tafuta msanifu aliyesajiliwa na bodi yao, AQRB, aje kiwanjani kwako apime kwa macho yake. Michoro inayotakiwa sio ile picha ya nyumba ya rangi rangi peke yake. Wanataka plani ya vyumba, sekisheni yaani nyumba ikiwa imekatwa inavyoonekana kwa ndani kuanzia msingi mpaka paa, muonekano wa pande zote, mpango wa msingi na wa paa, na mchoro wa kiwanja kizima unaoonyesha nyumba imekaa wapi, umbali kutoka kila mpaka, gari litaegeshwa wapi, shimo la maji taka liko wapi. Iwe na namba ya kiwanja, jina lako, jina la mchoraji na muhuri wake. Zamani ilikuwa lazima seti kadhaa za karatasi kubwa, na hata sasa chapisha za kubaki nazo saiti, mkaguzi akija atazidai.

Hapo kwenye umbali wa mipaka nakuomba ukae napo kidogo, mana viwanja vya urasimishaji vingi ni vidogo na vimekaa kishoroba, watu walishajenga kabla ya kupimwa. Kabla msanifu hajachora, nenda na jembe ukazitafute bikoni zako. Ni kile kizege kidogo kina nondo katikati na herufi na namba juu yake, mara nyingi kimefukiwa na takataka au mtu amekigeuza pa kukalia akifua nguo. Zitafute zote, zisafishe, zipige picha namba zake zionekane. Ikikosekana hata moja usikadirie kwa hatua za miguu, mwite mpima aifufue kwa vipimo. Ugomvi wa majirani wengi ninaoletewa humu unaanzia kwenye bikoni moja iliyong'olewa, na ukishajenga ukuta ukaingia kwa mwenzio nusu mita hakuna msanifu wa kukusaidia.

Shimo la maji taka nalo, afisa afya ataliangalia, liwe mbali na kisima chako na cha jirani, na gari la kunyonya liweze kufika. Watu wanaliweka nyuma kabisa afu wanajenga fensi, likijaa wanaanza kubomoa fensi. Na fensi yenyewe ina kibali chake, iombe humohumo kwenye michoro uimalize mara moja.

Halafu umenitajia ghorofa kwa mstari mmoja kama jambo la mbeleni. Mwanangu, hilo ni la leo. Msingi wa nyumba ya chini ni kitu kingine na msingi wa nyumba itakayobeba ghorofa ni kitu kingine, kuna nguzo, kuna bimu, kuna nondo za saizi yake, na vyote vinaamuliwa na mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB, baada ya kujua udongo wako unabeba kiasi gani. Usijenge ya kawaida leo kwa matumaini kwamba fundi "ataongeza nondo kidogo". Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo la mtaa wa Indira Gandhi pale mjini liliporomoka likaua watu 36, na lilikuwa limepandishwa ghorofa nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo, tukakaa na redio siku nzima tunasikiliza watu wanatolewa chini ya vifusi. Yale yalikuwa majengo makubwa ya mjini, lakini uzito haubagui, chumba cha wanao kitakuwa chini ya hiyo slabu.

Kwahiyo kaeni na mumeo muamue sasa. Kama mnataka kweli ghorofa, ombeni kibali cha nyumba ya ghorofa moja tangu mwanzo, mkiwa na michoro ya msanifu na michoro ya mihimili ya mhandisi, mjenge kwa awamu, na mkandarasi awe aliyesajiliwa na bodi ya makandarasi, CRB. Gharama ya michoro itapanda na msingi utakula hela nyingi, sikufichi, inawezekana mkopo wako ukaishia ardhini. Kama hali hairuhusu, ombeni ya chini tu na hiyo ndoto ya ghorofa muitoe kabisa kwenye nyumba hii. Mimi kwa mkopo wako na watoto wadogo ningechagua ya chini, nihame kwenye nyumba ya kupanga mapema. Ila ni nyumba yenu, na hapa mumeo yuko sahihi kusema asubiriwe, sio lazima awepo kimwili, mpigie video akiwa amepaki Tunduma muamue.

Ombi likishaingia linapita kwa watu tofauti, wa ardhi, wa mipangomiji, mhandisi, afisa afya, na zimamoto kama ni ghorofa. Wakiwa na maswali wanalirudisha, usikate tamaa na usirudi kwa kijana wa nje, rekebisha walichoandika upandishe tena. Wakikukatalia omba sababu kwa maandishi. Kibali kikitoka kisome chote mpaka nyuma, kina masharti na kina muda wa mwisho, na usibadilishe chochote kwenye michoro bila kurudi kwao, hata kusogeza choo.

Kabla ya kuanza mjulishe mkaguzi wa majengo. Aje aone nyumba ilivyopangwa chini kwa kamba na vigingi, aje aone mtaro wa msingi kabla hamjamwaga zege, aje kwenye lenta, aje kwenye kupaua. Watu wanamkimbia mkaguzi kama polisi wa barabarani, wewe mwite, mana huyo ndo macho yako ya bure kwa fundi. Fundi akijua mkaguzi anakuja kesho kutwa hapunguzi saruji. Mwisho kabisa kuna cheti cha kuruhusiwa kuhamia, usikidharau, benki wanaweza kukuuliza siku unataka kukopea hiyo nyumba.

Shemeji yako muambie kwa heshima kwamba umeshaamua na mumeo. Anahofia masika na ana haki ya kuhofia, ila msingi uliochimbwa haraka mvua zikaanza unajaa maji kuta zinabomoka, heri kuuchimba kiangazi.

Imebaki saruji. Kama iko chumbani sakafuni, leo hiihii ipandishe juu ya mbao, isiguse ukuta, funika na turubai, isipigwe na unyevu. Hata ikikaa vizuri, baada ya miezi mitatu hivi nguvu inaanza kupungua, na jina mpaka kibali vinaweza kuvuka hapo. Kwahiyo na advansi ya fundi ulishaitoa, mpe kazi ambayo haihitaji kibali, afyatue tofali kiwanjani kwako. Kufyatua tofali sio kujenga. Mkubaliane mfuko mmoja unatoa tofali ngapi kabla hajaanza, uwepo siku ya kwanza umuone anavyopima mchanga, na zimwagiliwe maji asubuhi na jioni, sio siku mbili tu zikaachwa juani. Zipange ndani ya bikoni zako, mbali na pale nyumba itakapokaa, ili siku mkaguzi akija kuangalia kamba eneo liwe wazi.